Saa ya Mwalimu

Kiza mwanangu,

Maziwa uliyokuwa ukinywa kutoka kwenye kopo jeusi hayakutoka Bujumbura. Sikuwa na rafiki mwenye duka la dawa ng'ambo ya mpaka, wala hakuna mtu aliyewahi kuniletea kitu kwa pikipiki. Kopo lenyewe nililiokota likiwa tupu, nyuma ya hoteli moja karibu na ziwa, nikalisugua kwa majivu na kulianika juani. Yule mwanamume mwenye kifua kama mlango aliyechorwa ubavuni mwake ulimtazama kila siku, ukanyanyua vyuma ili ufanane naye. Kilichokuwa ndani ndicho nilichokudanganya, kwanza kwa maneno, miezi kumi, kisha kwa kunyamaza, mpaka leo.

Ninaandika mchana huu kwa sababu umekwenda kuwaaga wenzako wa vyuma, na kesho asubuhi meli inatoka bandari ya Kalundu kwenda Kalemie, na kutoka huko utashika njia ya Lubumbashi. Wewe na mimi tumekuwa tukizungumza kana kwamba utarudi unikute. Ni heshima tunayopeana, nami naipenda. Lakini leo asubuhi nilibonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, na shimo likabaki mpaka nilipomaliza chai. Najua maana ya shimo lile. Nililijua kabla hujazaliwa.

Habari za wezi wa melini, za baridi ya Lubumbashi mwezi wa sita, za kumpigia shangazi yako simu, wengine wamekwisha kukuambia, na nusu yake utaisahau kama nilivyosahau mimi nilipokuwa na miaka yako. Nguvu ya mkono huu nataka niitumie kwa jambo moja, na jambo hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni maziwa. Ya pili nitaifikia mwishoni, na ukiona nachelewa kuifikia, usiseme ni uzee. Ni woga.

Nisingeandika hata neno kama si ile karatasi uliyonionyesha juma lililopita. Uliichapisha kwenye duka la fotokopi, ukaja mbio, ukaiweka juu ya blanketi langu. Sura yangu, ile ya kadi ya ualimu, nikiwa na tai. Chini yake: SAA YA MWALIMU, unga wa wanga na proteini kwa mwili uliochoka. Ukaniambia, "Papa, utafika Lubumbashi mbele yangu. Kila pakiti na sura yako!" Nikacheka, kisha nikalia, na ukadhani ni furaha. Ulilifuta shavu langu kwa mkono wako mkubwa. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Unajua kwa nini unaitwa Kiza. Kwetu bondeni mapacha ni Bukuru na Butoyi, mkubwa na mdogo, na mtoto anayewafuata ni Kiza. Yeyote akisikia jina lako anajua kwamba wawili walikutangulia. Uliwahi kuniuliza walikufaje, nikakujibu "ugonjwa", na mama yako akatoka nje kama aliyekumbuka nguo kwenye kamba. Walikufa kwa njaa, Kiza. Tulivuka mto Ruzizi tukikimbia vita, kila mmoja wetu na mtoto mgongoni, na kule kwenye kambi ya wakimbizi tukawazika wote wawili kabla mwezi haujaisha. Mimi niliyeweza kuchora ubaoni umbo la glukosi bila kufungua kitabu, niliitazama miguu ya wanangu ikivimba, na mwanzoni nikafikiri wananenepa. Nilimwambia mama yako, "Tazama, wanaanza kushika mwili." Muuguzi wa kambi ndiye aliyenishika kidole akanibonyezesha mguu wa Butoyi. Hesabu mpaka tatu, akasema, kisha ondoa. Shimo likibaki, mtoto huyo hana siku za kungoja.

Kwa hiyo ulipokuja wewe, mwembamba kama wao, nilikuwa nakupima kwa macho kila ulipopita. Ulidhani ninakukagua kama umeoga. Mama yako aliitwa Mama Kiza, si Mama Bukuru, kwa sababu huku watu humwita mwanamke kwa mtoto aliyebaki. Kila alipoitwa hivyo nilisikia wawili wakifutwa, na mmoja akiwekwa mikononi mwangu.

Ulikuwa na miaka kumi na saba ulipoanza kwenda mtaa wa Kasenga, nyuma ya karakana ya mchomeleaji, pale Kocha Sadiki alipoweka vyuma vyake: ekseli ya lori, makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, benchi la mbao za jeneza lililokataliwa. Siku ya kwanza niliyokuja kukuona nilisimama mlangoni bila wewe kujua. Kocha alikuwa akipiga kelele, akikuita kwa jina la dagaa wetu wadogo wa ziwani.

"Ndagala amefika! Mufunge dirisha, upepo isimubebe!"

"Minye niko muntu, siko ndagala," ukajibu.

"Ndagala nayo iko na nyama. Weye uko na nini?"

Walicheka wote, nawe ukacheka, ukainama chini ya ekseli. Nilizitazama mbavu zako zikifunguka na kufunga. Nilirudi nyumbani bila kuingia.

Baadaye Kocha aliniomba nije kuwaeleza vijana habari za chakula, maana walikuwa wakipiga chuma mpaka jioni, wakashindia chai. Nilikuja na kipande cha mkaa nikachora ukutani. Nilianza na majina makubwa, Kocha akanikatiza: "Mwalimu, sema Kiswahili, hapa hakuna daktari." Basi nikasema hivi: wanga ni kuni, proteini ni matofali. Ukishapiga chuma, kuni zimekwisha na ukuta umepata nyufa. Ingiza vyote viwili, wanga mara tatu ya proteini, kabla saa moja haijapita, kwa maana mlango wa msuli hufunguka muda mfupi kisha hufungwa. Nilipenda sana neno hilo, mlango. Ukutani nilichora mlango na saa juu yake.

Toka siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya pale. Mtu akiweka chuma chini, mwenzake anapiga makofi: "Saa ya Mwalimu inakimbia!" Walikuwa wakitoka mbio kwenda kutafuta uji, jasho likiwachuruzika, watu wa Kasenga wakidhani kuna ugomvi. Nilikuwa nikiwaona nikajisikia mtu. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na hakuna somo langu lililowahi kukimbiwa namna ile.

Kisha ukaja mwaka ule ziwa lilipopanda. Uliona mwenyewe maji yalivyoingia majumbani, na watu walivyolala shuleni. Shamba letu dogo la Mutarule lilikaa chini ya maji ya Ruzizi mpaka mahindi yakaoza yakiwa yamesimama. Ndagala zikapotea sokoni. Kwetu tulikula majani ya sombe na muhogo, muhogo na sombe. Nawe hukuacha vyuma. Kulikuwa na shindano la miili linakuja, la hapa hapa Uvira, na Kocha alikuwa amekuandika jina kwa mzaha, nawe ukalichukua kwa ukweli. Jioni moja uliingia, ukashika kikombe cha maji, na kikombe kikakugonga meno kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Ulikaa chini. Ukasema, "Papa, saa yako imepita tena, sikupata kitu." Ulisema ukitabasamu. Niliinama nikijifanya kufunga kiatu, nikabonyeza mguu wako. Hapakuwa na shimo. Nataka ujue hilo, Kiza. Hapakuwa na shimo lolote. Ulikuwa kijana mwenye njaa baada ya kazi, basi.

Siku zile, siku mbili kwa juma, nilikuwa nikisaidia kwenye kituo cha lishe cha watoto huko bondeni, upande wa Mutarule. Jina lake sitaliandika. Waliokianzisha walikuwa na nia njema, na kimekwisha kufungwa. Kwa kuwa nilisoma Kifaransa cha kwenye maboksi bila shida, na kwa kuwa kila mtu aliniita Mwalimu, walinipa ufunguo wa ghala. Mlemle mlikuwa na maziwa ya unga ya watoto waliokonda, katika pakiti za rangi ya fedha. Yana sukari, yana mafuta, yana madini. Nilisoma maandishi ya nyuma ya pakiti nikiwa nimesimama kwenye giza la ghala: wanga kiasi hiki, proteini kiasi hiki. Nilisoma kama mwalimu wa biolojia. Hapana, nimeandika uongo. Nilisoma kama baba wa Kiza.

Pakiti ya kwanza niliyochukua ilikuwa imetobolewa na panya, ilipaswa kuchomwa moto. Ya pili niliitoboa mwenyewe.

Nilikuwa nayachanganya na masoso, ule unga wa uji wa mahindi na soya na mtama, niliokaanga mpaka ukakaribia kuungua ili harufu yake ifunike ile nyingine. Nikamimina kwenye kopo jeusi. Nikakuambia habari ya rafiki wa Bujumbura. Ulionja kwa kidole, ukasema, "Iko na ladha ya biskuti!" Nikakukataza kuwagawia wenzako. Nilisema kila mwili una kipimo chake, nikalieleza jambo hilo vizuri sana, kwa mifano, mpaka ukaona aibu kwa kuwa ulitaka kumwekea Kocha kijiko kimoja. Huo ndio ufundi wangu niliokuwa nao. Mtu asiyejua kueleza akiiba, anakimbia. Mimi nilikaa pale pale nikaeleza.

Mama yako alifunua kopo siku ya nne. Alikuwa amesimama jikoni, akalinusa, akalirudishia mfuniko polepole.

"Baba Kiza, hii harufu naijua."

"Ni ya Bujumbura."

"Minye nilikaa nayo ku nguo miezi mizima kule kambini. Batoto bangu balikufa na hii harufu ku mudomo." Akanitazama. "Niambie tena iko ya Bujumbura. Niambie mara ya pili."

Nikamwambia mara ya pili.

Hakuuliza tena. Ila kuanzia siku hiyo alikiosha kikombe chako peke yake, nje, kwa mchanga, mbali na vyombo vingine. Ulikuwa ukimtania kwamba anakuogopa kama mwenye kipindupindu, naye alikujibu kwa kicheko ambacho mimi peke yangu nilijua kimetoka wapi. Alipofariki, miaka miwili baadaye, nilikaa na mwili wake kabla wanawake hawajafika kuuosha, na nikafungua mdomo nimwambie. Nikamwambia mara ya tatu kwamba yalikuwa ya Bujumbura. Sijui kwa nini. Labda ulimi ulikuwa umezoea.

Ulikua. Mashati yalikupasukia mabegani. Kocha aliacha kukuita Ndagala, akaanza kukuita Sangala, na mpaka leo ndilo jina lako mjini. Ulifurahi, na mimi nilifurahi. Siku moja tu niliposikia wakikuita hivyo nikakumbuka kitu kila mvuvi wa hapa anachojua, kwamba sangala huwa mkubwa kwa kula ndagala. Nilikiweka mbali.

Sikuandikii haya ili uuchukie mwili wako. Ulibeba chuma mwenyewe. Hakuna maziwa yanayoweza kunyanyua ekseli ya lori. Ukisimama mbele ya kioo huko Lubumbashi, unachokiona ni jasho lako, na kiasi fulani ni kitu kingine, na hata mimi siwezi kukutenganishia, maana mwili haujui kuweka vitu mafungu mafungu. Umekwisha kuwa wewe.

Lakini kuna jambo la elimu ninalopaswa kulisahihisha, kwa sababu unakwenda kulifundisha kwa jina langu. Uliponiachia simu yako ya zamani ili nisome habari nikiwa kitandani, nilitafuta kile nilichochora ukutani. Nimesoma kwa miezi. Mlango ule, Kiza, haufungwi. Msuli uliochoka unaendelea kupokea siku nzima, na kesho yake pia. Mwenye haja ya haraka kidogo ni yule anayerudia kazi nzito siku ile ile, au aliyefunga tangu jana. Mtu wa kawaida anayepiga chuma alasiri, akala bugali na maharage na samaki kidogo jioni, na kesho akala tena, amepata kuni zake na matofali yake. Ungekua, mwanangu. Polepole, lakini ungekua, kwa maharage. Nilisoma hayo mara nyingi nikitumaini nimekosea kuelewa. Kisha nikaizima simu nikaigeuza uso chini.

Kwa hiyo uza unga wako. Ni chakula kizuri, masoso na unga wa ndagala, na hukuiba kwa mtu. Waambie wakinywe wakipata nafasi. Usiwauzie haraka. Na uitoe ile sura yangu. Kama pakiti zimekwisha kuchapishwa, zibandikie kitu juu.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nikipakwepa. Nimepumzika kidogo, nimekunywa maji. Dirishani ninauona, pale mlangoni, mfuko wa masoso aliokuletea asubuhi Mama Bukuru, muuza uji wetu, umefungwa kwa kipande cha kitenge chake. Nilikuwa nimejifanya nimelala, nikasikia mnavyotaniana mlangoni.

"Sangala yangu, unaenda kuniacha na masufuria imejaa. Nani atakunywa uji yangu yote?"

"Nitafutie bibi nimubebe Lubumbashi, mama, atakuwa ananipikia kama weye."

"Nikutafutie? Batoto banamuke bote banakuogopa. Banasema ukimaliza chakula utakula na mafiga." Kisha akashusha sauti. "Mwalimu alikulisha vizuri. Kila siku naambia Bukuru: tazama mutoto mwenye alikuwa na baba."

Miaka minne umekunywa uji wake kila asubuhi pale kwenye kona. Umembeba Bukuru, binti yake, begani mpaka anagusa mabati. Unamwita Mama Bukuru mara kumi kwa siku, wewe ambaye jina lako ni Kiza, wewe ambaye kuliko mtu yeyote ungepaswa kulisikia jina hilo. Hujawahi kumuuliza kama Bukuru yuko, Butoyi yuko wapi.

Sikulaumu. Huku kwetu kila nyumba ina mtu ambaye haulizwi. Lakini mimi nilijua, na kila ulipolitamka nilishika kitu, meza, fimbo, chochote.

Kesho, honi ya meli ikishalia na nikajua umeondoka, nitamwomba aje akae kwenye kiti kilicho kando ya kitanda hiki. Nitamwambia kwa mdomo wangu. Nimemwomba shangazi yako asiingie. Sijui Mama Bukuru atafanya nini, na sina haki ya kutamani afanye hili au lile. Sitaki wewe umwambie. Huo si mzigo wako. Ila sikutaka ulisikie kutoka kwa watu, ukiwa mbali, ukiwa na uji wake tumboni. Na ule mfuko wa mlangoni, sitakuambia uuchukue wala uuache. Nimejaribu kuamua kwa niaba yako nikashindwa. Niliamua kwa niaba yako mara moja, inatosha.

Ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya shindano lako. Muuguzi wa kituo alikuwa amekwenda mkutanoni, na gari la mzigo lilikuwa halijafika, lilitazamiwa Jumatatu. Nilikuwa peke yangu na ufunguo. Nilikuwa nimekwisha kuvaa mfuko wangu wa shule begani, nasubiri pikipiki, alipotokea kwenye njia ya Mutarule mwanamke mchanga mwenye watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Sikumjua. Alikaa chini mbele yangu, akamfungua yule wa kifuani akamlaza kwenye mapaja yake.

"Huyu njo Butoyi," akasema. "Mukubwa anakunywa bado. Huyu amekataa kulia tangu jana."

Nikapiga goti. Nikaushika mguu, nikabonyeza, nikahesabu mpaka tatu kama nilivyofundishwa. Nikaondoa kidole.

Nimekuandikia mwanzoni shimo lile maana yake nini. Nilikuwa naijua. Sikukosea kupima, wala sikuwa na haraka, wala jua halikunichanganya. Nililitazama mpaka nikaona mistari ya kidole changu kwenye ngozi ya mtoto.

"Mama," nikamwambia, "maziwa imeisha. Rudi Jumatatu, gari itakuya."

"Hata kidogo, Mwalimu?"

"Hata kidogo."

Alinishukuru. Aliwafunga watoto wake, mmoja nyuma, mmoja mbele, akashika njia aliyokuja nayo, na pikipiki yangu ikampita kabla ya daraja. Aliniinamia kichwa nilipopita.

Jumamosi tulikupaka mawese mabegani ili ung'ae kwenye taa. Ulishinda. Picha ile iliyo ukutani kwetu, umenishika mkono na kuuinua juu, kila mgeni huulizwa kama ameiona.

Jumatatu alirudi na mtoto mmoja. Gari lilikuwa limefika, Bukuru akalazwa siku hiyo hiyo, akapona, ndiye huyu unayembeba begani. Mama yake alipohamia Kasenga miaka michache baadaye alinitambua barabarani. Niligeuka nivuke upande wa pili, nikachelewa. Akaja mbio, akanishika mikono yote miwili, akaona machozi yangu, akadhani nina huruma.

"Usilie, Mwalimu. Weye hauna kosa. Ungekuwa nayo, ungenipa."

Hilo neno amelirudia kwangu kila mwaka, siku ile ile ya mwaka, akija na sahani ya maharage, kunifariji. Ungekuwa nayo, ungenipa. Na kila mwaka nimeipokea sahani.

Nilikuwa nayo, Kiza. Pakiti mbili, katika mfuko wa shule uliokuwa begani mwangu, chini ya madaftari ya wanafunzi. Alipouliza "hata kidogo?", niliuminya mfuko kwa kiwiko ili zisitoe sauti. Msuli wako ungeweza kungoja mpaka jioni, mpaka kesho, mpaka juma lijalo. Mimi nilimwambia mtoto yule angoje mpaka Jumatatu. Maziwa yake uliyanywa wewe Jumamosi, uliposhuka jukwaani, nami nilisimama kando yako nikitazama saa ya mkononi, nikikuhimiza umalize kabla saa haijapita.